Singa za Mkia wa Gitare

Jumamosi ile duka la Mgiriki lilijaa watu hadi barazani. Wanawake wa Sake walikuwa wametua mizigo yao ya maharagwe wakaingia kuchagua vikwembe vya kujifunga, wavuvi walisubiri kupimiwa chumvi, na dereva wa kamiyo ya Rutshuru alipiga honi bila kukoma, akiita abiria wake waliopotelea sokoni. Ulikuwa mwezi wa saba mwaka 1957, kiangazi, na vumbi jeusi la Goma lilikuwa limetanda juu ya kila kitu, hata juu ya mabega ya watu.

Pascasie alikuwa nyuma ya cherehani yake, kama kila siku. Alikuwa na miaka ishirini. Masista wa Rutshuru walimfundisha kushona, na Mgiriki akampa nafasi barazani karibu na dirisha, ili mtu akinunua kitambaa ashonewe palepale. Siku hiyo alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, alilojishonea mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa vya watu. Kando yake alikaa Angèle, fundi mwenzake, mama wa watoto wanne, mwenye moyo mwepesi na ulimi mwepesi zaidi.

Kijana mmoja alipenya kati ya watu akasimama mbele yao. Shati lake la kaki lilikuwa limepigwa pasi vizuri, na mguu wa kulia wa suruali ulibanwa na kibanio cha baiskeli ambacho alisahau kukiondoa. Mkononi alishika kisanduku cha kiberiti kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba yai.

"Jambo, mama," alimwambia Pascasie. "Niko natafuta uzi."

Angèle alidakia. "Mama ni mimi. Ule angali binti. Angalia muzuri, kijana."

Kijana aliona haya, akaanza upya. "Jambo, dada. Niko natafuta uzi usio na manyoya."

"Manyoya!" Angèle alicheka. "Kwani uzi ni kondoo?"

Lakini kijana hakucheka. Alifungua kiberiti, akatoa kipande cha uzi mweusi, akampa Pascasie. "Hii ni numéro quarante, ya pamba. Shika mbele ya jua, dada. Angalia."

Pascasie aliinua uzi mbele ya mwanga. Alikuwa ameshika nyuzi tangu utoto wake, wala hakuwahi kuuangalia uzi hivyo. Vijinywele vidogo vilisimama pande zote, virefu kwa vifupi.

"Kweli," alisema polepole. "Iko na ndevu."

"Njo vile! Ndevu!" Kijana alifurahi kama mtu aliyesadikiwa kwa mara ya kwanza. "Niko natengeneza mufano wa avion. Mudogo, kama vile mukono wangu. Kila kitu nimekigawa kwa vingt-quatre, ishirini na ine. Uzi huu nikiuweka kati ya mabawa, unaonekana kama kamba ya mbuzi."

Jina lake lilikuwa Wenceslas. Alikuwa Mnande wa Butembo, na kazi yake ilikuwa pale uwanja wa ndege, kwenye mizani, kupima mizigo ya abiria na abiria wenyewe. Pascasie alivuta saraka ya cherehani, akatoa kipande cha mshumaa, akapitisha uzi juu ya nta mara tatu, kisha akauvuta kati ya vidole viwili. Ndevu zililala.

"Jaribu hii. Ikikataa, urudi."

"Nikulipe nini?"

"Nta ni ya masista. Uwaombee."

Alipokwisha kuondoka, Angèle aliinama juu ya mashine yake. "Atarudi hata kama haikukataa," alisema.

Alirudi Jumatano. Uzi wa nta ulikuwa umekusanya vumbi lote la Goma. Alirudi tena Jumamosi, na wiki iliyofuata, kila mara na kiberiti chake. Alileta nailoni ya wavuvi, ambayo iling'aa mno na kukumbuka mviringo wa kibao ilikozungushiwa. Alileta waya wa shaba kutoka redio iliyokufa, mwembamba kama pumzi, lakini ukiugusa mara moja kwa kidole unabaki umepinda. Pascasie naye alimtolea uzi wa hariri, masalio ya vazi la padri alilowahi kulirekebisha. Huo ulikuwa mzuri, ila ulikuwa urefu wa mkono mmoja tu, na mwingine haukupatikana mji mzima.

Ni Pascasie aliyefikiria kuzipima nyuzi kwa unyevu. Fundi wa nguo anajua kwamba kitambaa kilichoshonwa kiangazi kinaweza kukunjamana masika. Walipigilia misumari kwenye nguzo ya baraza, wakatundika nyuzi, kila moja na kijiwe chepesi cheusi chini yake, kisha Pascasie akaweka sufuria ya maji ya moto karibu. Mvuke ulipofika, pamba ilijikaza ikavuta jiwe juu. Ilipokauka, jiwe lilishuka chini kuliko pale lilipoanzia.

"Masika itavunja mabawa," Wenceslas alisema, "halafu kiangazi nyuzi zote zitalegea."

"Kwani avion hii itakaa masika ngapi?"

"Siku zote mama yangu atakazokuwa muzima."

Akamweleza basi, huku watu wakiingia na kutoka dukani. Alikuwa na dada mdogo, Kasoki, wa miaka tisa. Miaka miwili iliyopita Kasoki aliugua kifua, na Wenceslas akamleta kutoka Butembo ili apelekwe hospitali ya Bukavu. Kulikuwa na ndege ya zamani ya mabawa mawili mawili, moja juu na moja chini, ya mbao na kitambaa, na kati ya mabawa zilivutwa nyaya. Rubani, mtu mwema, alikubali kumchukua mtoto juu ya magunia ya barua. Kasoki alipobebwa kuingia aliangalia nyaya zile akauliza, "Kaka, hizi kamba ni za nini?" Wenceslas alikuwa hajui. Alimwambia atamjibu akirudi.

"Hakurudi," Pascasie alisema.

"Hakurudi. Alifia kule hospitali. Na mama kila nikienda ananiuliza: kile chombo kilichochukua mutoto wangu kilikuwa namna gani? Kilishikwa na nini pale juu? Mimi nachora kwa mukono hewani, naye anaangalia mukono wangu." Alifunga kiberiti. "Siku hizi avion ile haiko tena, zinakuja za mabati matupu. Lakini kabla hawajaiondoa niliipima yote. Ninajua kila waya mahali pake. Nakosa uzi tu."

Pascasie alisogea kwenye nguzo. Aliondoa uzi uliolegea, akatundika uzi mwingine.

Tangu siku hiyo simu ya duka ilianza kulia saa sita mchana, Mgiriki akiwa amekwenda kula. Simu zilikuwa chache Goma, na watu wa barazani walinyamaza wote kusikiliza.

"Allô? Allô, duka?"

"Allô. Nani anaongea?"

"Ni bureau ya uwanja wa ndege. Tunauliza habari za uzi."

"Uzi ungali pale pale, bwana bureau."

"Na ule anayeshika uzi, amekula?"

"Amekula viazi. Na wewe?"

"Mimi bado. Nimepima mama mumoja ya kilo cent dix, mia na kumi, amenikasirikia, anasema mizani yangu inasema uongo. Pascasie?"

"Abe."

"Hapana, basi tu. Nilitaka kusikia sauti. Siku yote nasikia ya mizani."

"Funga simu, Wenceslas. Batu wananiangalia."

"Waangalie. Wako na macho muzuri."

Mwisho wa mwezi wa nane, wakiwa wawili barazani, Pascasie alikumbuka kitu akacheka peke yake.

"Unacheka nini, mupenzi?"

"Nilikumbuka kaka zangu. Tulipokuwa wadogo walitega ndege kwa singa za mukia wa ngombe. Singa moja inashika ndege muzima, wala haikatiki. Na haina ndevu hata moja."

Wenceslas alisimama. "Ngombe yoyote?"

"Baba yangu iko na ngombe mumoja mweupe, jina yake Gitare. Mukia wake karibu unagusa chini. Muzee anampenda kuliko sisi."

"Ninataka kumwona," Wenceslas alisema, na macho yake yaliwaka. "Dimanche hii sina kazi. Pascasie, unaweza kumwambia baba yako kama nitakuja kuona ngombe zake?"

Mikono ya Pascasie ilitulia juu ya kitambaa. Kwao, Rutshuru, kijana hatoki mbali kuja kutazama ng'ombe wa baba wa msichana ili tu apate kuwatazama. Akija amevaa vizuri, akisifu ng'ombe, akanywa maziwa, nyumba nzima inajua kinachofuata. Kwa kawaida angekuja na mzee wa kumsemea. Lakini huyu alikuwa Mnande, na labda kwao ndivyo walivyofanya.

"Utaenda peke yako?" aliuliza, bila kumwangalia.

"Nani wa kunisindikiza? Peke yangu."

"Nitamwambia," alisema Pascasie. Jioni alimpa dereva wa kamiyo ujumbe kwa baba yake, na Jumamosi akafuata mwenyewe, na nguo yake nzuri ya manjano kwenye kikapu.

Muzee Ntirenganya, baba yake, alikuwa mtu wa maneno machache. Alisikia ujumbe, akatembea kuzunguka zizi mara mbili, kisha akaagiza pombe ya ndizi. Hakupenda sana binti yake aende mbali kwa watu wenye lugha nyingine. Lakini alisema, "Akija kwa heshima, tutamupokea kwa heshima." Asubuhi ya Jumapili ndugu zake wawili walikuja na fimbo zao wakaketi. Ng'ombe walipigwa brashi hadi wakang'aa. Gitare alioshwa mkia.

Pascasie alikaa jikoni na shangazi yake, nyuma ya ua wa matete, mahali ambapo mtu anaona bila kuonekana. Alimwona Wenceslas akifika na shati jeupe na tai. Alimwona akiwaamkia wazee kwa mikono miwili, akitoa zawadi ya sukari na sabuni, akipewa maziwa na kuyanywa yote bila kupumzika. Shangazi alimfinya mkono kwa furaha.

Kisha Wenceslas alimsifu Gitare. Alimsifu kwa kweli, kutoka moyoni, akimzunguka kama mtu aliyeona ajabu. "Muzee," alisema, "nipe ruhusa nichukue singa douze za mukia wake."

Wazee waliangaliana. Ntirenganya alifikiri labda ni desturi ya kwao, mwanzo wa maneno. Akainamisha kichwa. Wenceslas akatoa mkasi mdogo, ule ambao Pascasie alimwazima, akakata singa kumi na mbili moja moja, akazifunga katika karatasi. Akashukuru. Akashukuru tena. Akasema kamiyo ya mwisho inapita saa nane na hataki kuikosa. Akapeana mikono na wazee wote, akaenda.

Chungu cha pombe kilibaki katikati yao kimefunikwa. Mwishowe Ntirenganya aliinuka akiegemea fimbo yake.

"Alifuata mukia," alisema.

Pascasie alisikia mkono wa shangazi ukiachia wake.

Alirudi kazini baada ya wiki mbili. Nyumbani hakuna aliyemkemea, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Baba yake alimwambia jambo moja tu: Sibomana, mtu wa jirani aliyefiwa na mke, alikuwa ametuma maneno ya kumposa. Ni mtu mwema, hanywi, ana watoto wawili wapole. "Sitakulazimisha," alisema. "Lakini mwezi wa kumi ukiisha, nitampa jibu. Nyumba hii haiwezi kuchekwa mara mbili."

Saa sita simu ililia. Pascasie aliendelea kushona. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena, hadi Angèle akainuka.

"Allô... Hapana, hayuko. ... Ndiyo, yuko, lakini hayuko." Akafunika simu kwa kiganja. "Nimwambie nini?"

"Mwambie uzi umekwisha."

Jioni Wenceslas alikuja na baiskeli, bila pumzi. Uso wake ulijaa furaha ya mtu mwenye habari njema. "Pascasie! Umesikia? Singa ni zenyewe! Nilizilowesha, nikazitundika na jiwe, zikanyooka. Nikazisugua na kalamu ya risasi, zikawa rangi ya chuma. Nimeweka kwa mvuke: zimelegea kidogo, lakini zikikauka zinarudi pale pale. Pale pale! Zote zinarudi!"

"Bwana anataka uzi gani?" Pascasie aliuliza.

Wenceslas aliangalia nyuma yake, kama kuna mtu mwingine aliyesemeshwa. "Ni mimi."

"Nimeona. Tuko na pamba, tuko na nailoni. Kama bwana hataki kununua, kuna batu nyuma yako."

"Nimekosa nini? Mupenzi, niambie. Nilimukosea muzee? Nilishukuru vibaya?"

Angetaka kumwambia. Maneno yalikuwa yamejaa kinywani. Lakini msichana gani wa kwao angefungua kinywa aseme: ulipaswa kuniomba mimi, nami nilikuwa nyuma ya matete nimevaa nguo yangu nzuri? Alichukua mkasi mdogo ambao Wenceslas alikuwa ameuweka mezani, akaurudisha kwenye saraka, akaifunga.

"Hukukosa kitu," alisema. "Ulipata ulichofuata."

Wenceslas alisema, kwa sauti ya chini, "Nitaenda Butembo kumupelekea mama. Nilitaka twende wote, uone uso wake." Alipoondoka alisukuma baiskeli kwa mkono, bila kuipanda, hadi mwisho wa barabara.

Mvua zilianza. Mwezi wa tisa uliisha. Kwenye mizani ya uwanja wa ndege alionekana kijana mwingine, na simu ya saa sita haikulia tena. Angèle alianza kuleta viazi viwili badala ya kimoja, na kuweka kimoja karibu na mkono wa Pascasie.

Wiki ya tatu ya mwezi wa kumi, Jumamosi, duka likiwa limejaa kama siku ile ya kwanza, mama mmoja mzee kidogo alipanda barazani. Alivaa vikwembe viwili vya kijani vilivyochoka na safari, na kifuani alikumbatia kikapu kipana kilichofunikwa kwa shuka. Watu walimpisha bila kuambiwa.

"Jambo, binti yangu. Wewe njo Pascasie?"

"Ni mimi, mama. Karibu, ukae."

Angèle alikuwa amekwisha kuondoka kwenye kiti chake. Mama aliketi, akaweka kikapu magotini.

"Mimi ni Apolline wa Butembo. Nimelala njiani siku mbili na kitu hiki juu ya magoti, sikukubali mutu akiweke chini." Akafunua shuka.

Ndege ilikuwa nyeupe, ya karatasi laini juu ya vijiti, na mabawa yake mawili juu ya mawili. Kati ya mabawa zilivutwa singa, zimenyooka, za rangi ya chuma, nyembamba hata jicho lilizipoteza na kuzipata tena. Watu waliokuwa wakinunua chumvi walisogea kuangalia.

"Alipoifungua nyumbani, nilizigusa moja moja," Mama Apolline alisema. "Nikamuuliza, hizi ni za nini? Akasema, zinashika mabawa yasianguke na yasipae juu mno. Za juu zinashika avion ikiwa chini, na za chini zinashika avion ikiwa hewani. Nikasema, basi mutoto wangu alishikwa. Miaka miwili nilikuwa ninaota anaanguka." Alipangusa macho kwa ncha ya kikwembe, bila haraka. "Halafu nikauliza, uzi huu umetoka wapi? Akaniambia yote. Kama alienda kwa baba yako kuona ngombe. Kama alipewa maziwa. Kama wazee watatu walikuwa wamekaa, na chungu."

Pascasie aliinamisha kichwa.

"Nilimupiga, binti yangu. Mwanaume muzima! Nilimupiga na mwiko. Nilipokuwa kijana nilikuwa nachuuza chumvi mupaka Rutshuru, ninawajua watu wa ngombe. Nikamwambia, ulienda kuona ngombe za baba ya binti, ukakata mukia, ukarudi? Akaniangalia tu. Sisi tunaoa kwa mbuzi. Mutu akija kwetu kuona mbuzi, anataka kununua mbuzi. Hakujua, binti yangu. Hakujua kitu."

Nyuma yao Angèle aliachia pumzi aliyokuwa ameishika. "Eeh, Wanande," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imelowa.

"Tumepita mbele ya Rutshuru," Mama Apolline aliendelea. "Alitaka tuteremke. Nikakataa. Nikasema kwanza nimuulize binti mwenyewe. Kama moyo wako umefunga, tutarudi kwa njia ile ile na hakuna atakayejua. Kama haujafunga, tutaenda kwa baba yako na mutu wa kutusemea. Hakuna haraka. Unaweza kufikiri."

Katika maisha yake hakuna mzee aliyewahi kumuuliza Pascasie hivyo. Aliangalia mikono ile iliyochoka, imeshika kikapu. Kisha aliangalia mabawa, na jicho lake la fundi likaona.

"Upande huu kuna moja haiko."

"Ilikatika alipokuwa anafunga. Hakuthubutu kurudi kuomba ingine, wala hakutaka kuweka uzi mwingine pale."

"Yeye iko wapi?"

Mama Apolline alionyesha kwa kidevu. Ng'ambo ya barabara, kando ya kamiyo, Wenceslas alisimama kwenye manyunyu, kofia mkononi, akiangalia ardhi. Suruali yake ilianguka mpaka viatuni pande zote mbili. Hakukuwa na kibanio.

"Mama, baiskeli yake iko wapi?"

"Iko Butembo, na mwenyewe mwingine. Huyu mutoto sasa iko na mutamba mumoja wa ngombe, mweusi, alimutanguliza kwa rafiki yake Rutshuru. Anasema hatakuya tena kwenu mikono mitupu."

Pascasie aliinuka, akavuka barabara bila kujifunika mvua. Wenceslas aliinua macho.

"Nilikuwa nyuma ya matete," Pascasie alisema. "Nilikuwa nimevaa ile nguo ya manjano."

"Sikujua. Nakuapia, Pascasie, ningejua ningepiga magoti mbele ya ngombe yenyewe."

"Ngombe haina lazima ya magoti. Baba njo iko na lazima." Aliigusa kofia mkononi mwake. "Vaa kofia. Utaugua."

Jumapili walikuwa Rutshuru: Mama Apolline, Wenceslas, na mzee Harelimana, katekista wa pale, aliyekubali kuwasemea. Ntirenganya aliwapokea kwa uso mgumu, ndugu zake wawili kando yake na chungu cha pombe kimefunikwa; Sibomana alikuwa bado hajapewa jibu. Mtamba mweusi alifungwa nje ya ua. Pascasie alikuwa tena jikoni, nyuma ya matete, pamoja na shangazi.

Harelimana alisema maneno yote yanayotakiwa, kwa mpango wake. Alipomaliza, Ntirenganya alimgeukia kijana.

"Mara ya kwanza ulifuata mukia. Leo umefuata nini?"

Wenceslas alipaswa kunyamaza, kwa kuwa alikuwa na msemaji. Lakini alipiga magoti. "Muzee, mara ya kwanza nilikuwa natafuta kitu cha kumutuliza mama yangu. Nilikipata hapa kwako, nikaenda nacho kama mwizi, bila kujua kama ni mwizi. Binti yako njo aliyenionyesha uzi una ndevu. Leo nimefuata yeye."

"Na kile ulichotengeneza, kiko wapi?"

Mama Apolline alifunua kikapu. Mzee aliinama, akaangalia kwa muda mrefu, mikono nyuma ya mgongo ili asiharibu. Mama alimweleza habari za Kasoki kwa maneno machache, naye alisikiliza mpaka mwisho. Ntirenganya pia alikuwa amezika mtoto.

Wakati huo mvua ya mchana ilishuka kwa nguvu, wakaingia wote ndani na kikapu. Hewa ililowa. Mmoja wa ndugu alinyoosha kidole. "Angalieni, zinalegea!" Ni kweli, singa za Gitare zilikuwa zimeshuka kidogo, kama kamba za nguo. Wenceslas alitaka kueleza, lakini Mama Apolline alimgusa bega.

"Tungoje," alisema.

Walingoja. Maneno yaliendelea polepole, maziwa yakaletwa, mvua ikapungua. Jua liliporudi walitoa ndege nje, wakaiweka juu ya kiti uani, na wazee wakakaa kuizunguka wakiangalia kama watu wanaoangalia moto. Singa zilianza kupanda. Haikuonekana zikipanda, lakini kila ukitazama zilikuwa zimenyooka zaidi, mpaka zote kumi na moja zikawa pale pale.

Ntirenganya aliguna. Alinyanyuka, akaenda mwenyewe zizini, na walisikia akisema na Gitare kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. Alirudi na singa moja, nyeupe na ndefu, imelala kwenye kiganja chake.

Hakumpa Wenceslas. Alisimama akielekea ua wa matete.

"Pascasie," aliita. "Kuya hapa, mutoto wangu. Mimi vidole vyangu vimekuwa vinene. Njoo ufunge hii."

Alitoka, amevaa nguo ya manjano. Aliwaamkia wageni mmoja mmoja, akapiga magoti mbele ya kiti. Wenceslas alishika bawa lisitikisike. Pascasie akapitisha singa kwenye tundu, akaivuta, akafunga fundo dogo analolijua yeye, na mkasi wake ukakata ncha.

"Inatosha?" aliuliza.

Mama Apolline aliigusa kwa kidole kimoja.

"Imeshika," alisema.

Ntirenganya aliwaambia ndugu zake wafunue chungu.